Mtoto aliyetupwa anadai nini? Fikara juu ya hadithi ya Mwindo

Siku moja niliingia katika klasi ya tano ya sekondari, nikawakuta wanafunzi wakibishana. Walikuwa wameangalia filamu ya kigeni, ya wafalme, mapanga na majoka, ambamo mtoto aliyefukuzwa katika nyumba ya mfalme anarudi kudai kiti chake. Mmoja wao akaniambia: "Prof, bazungu banajua kutunga. Sisi kwetu hakuna hadithi ya vile." Wengine wakacheka, wakakubali.

Niliweka chaki chini nikauliza: "Nani kati yenu anamjua Mwindo?" Katika klasi nzima mikono mitatu tu ilinyanyuka, na wawili kati ya hao watatu walijua jina peke yake. Ile siku sikufundisha tena Kifaransa. Nilisimulia. Kengele ilipolia hakuna aliyetoka.

Ndugu msomaji, sitaki kuandika hapa juu ya kusifu tu mambo ya wazee. Nataka kuuliza swali ambalo hadithi hii inaniuliza mimi mwenyewe tangu miaka mingi: mtoto aliyetupwa na watu wake, akirudi na nguvu mkononi, anawadai nini? Na wao wanamwia deni gani? Kwetu huku Kivu hilo si swali la filamu. Ni swali la mtaa wetu.

1. Hadithi yenyewe, kwa ufupi

Mwindo ni shujaa wa Banyanga, watu wa pori la Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Hadithi ndefu za namna hii wao wanaziita karisi: msimulizi anasema, anaimba, anacheza, na watu wanamwitikia. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck aliandika ile iliyosimuliwa na mzee Candi Rureke, na mwaka 1969 akaitoa kitabu pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, ambaye naye ni Munyanga. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi mengine ya namna hiyo. Kwa hiyo ziko Mwindo zaidi ya moja. Mimi nafuata ile ya Rureke.

Shemwindo alikuwa mwami wa Tubondo, na alikuwa na wake saba. Aliwakusanya mbele ya wazee wake, akatoa amri: wote wazae watoto wa kike tu, atakayezaliwa mwanaume, atauawa. Wake sita wakazaa mabinti. Mke wa saba mimba yake ikachelewa, na mwishowe akazaliwa mtoto mwanaume, ambaye alipitia katika kidole cha mama yake. Alizaliwa akisema na kutembea, ndiyo maana anaitwa Kabutwakenda, yaani yule mdogo aliyezaliwa tu akatembea. Mkononi alikuwa na conga, ule usinga wenye nguvu, na begani mfuko wenye kamba ndefu ndani.

Baba yake akamtupia mkuki, haukumpata. Akaamuru azikwe mzima. Kaburi likang'aa usiku, mtoto akatoka. Akaamuru achongewe ngoma, afungiwe ndani, atupwe mtoni. Ile ngoma ikaenda na mtoto akiimba ndani yake, akimtafuta shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa mwenye maji. Shangazi akampokea. Kisha Mwindo akaenda kwa wajomba zake, wakamtengeneza kwa vita, wakapanda naye Tubondo. Vita ya kwanza iliwamaliza wajomba. Hapo Mwindo akamwita Nkuba, mwenye radi, na radi ikaunguza Tubondo yote na watu wake. Shemwindo peke yake akatoroka, akaingia chini ya ardhi kwa Muisa. Mwindo akamfuata huko kuzimu, akapitia majaribu mengi, akamkamata baba yake, akamrudisha.

Na sasa, ndugu msomaji, ungesubiri nini? Katika filamu ya wale wanafunzi, kichwa kingeanguka. Hata kwetu Kongo hadithi nyingine zinaishia hapo. Baluba wa Katanga wanasimulia juu ya Kalala Ilunga, aliyechukiwa na mjomba wake Nkongolo kwa sababu alimshinda. Nkongolo akamchimbia shimo lenye mikuki, akalifunika mikeka, akamwalika kucheza juu yake. Kijana akaokoka, akakimbilia kwa baba yake Mbidi Kiluwe, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa. Ile hadithi ina sababu zake. Inaeleza namna ufalme ulivyozaliwa.

Lakini Mwindo hakukata kichwa cha baba yake. Alimleta mbele ya watu, asikilizwe.

2. Ngoma ilichongwa na nani?

Tukisoma haraka, tutasema mwenye kosa ni Shemwindo. Ni kweli, amri ilitoka kinywani mwake. Lakini mimi nikiisoma hii hadithi na wanafunzi huwa ninawauliza: nani alichimba kaburi? Nani alikata mti, akauchonga, akawamba ngozi ili mtoto afungiwe ndani? Nani aliibeba ile ngoma mpaka mtoni? Shemwindo hakushika shoka. Alisema tu, na wazee wakaitika.

Hata wale wanawake waliozalisha walijua. Mtoto alipotokea waliogopa, wakabishana kama wamwambie mwami ao wanyamaze. Ni nyenje, mdudu mdogo, aliyeruka akaenda kutoa habari. Ginsi hii mambo ya nyumba ya mwami yanavyokwenda: mmoja anaogopa, mwingine anapeleka maneno, wa tatu anatafuta kupendwa, na wengi wanasema, "Mimi nilitumwa tu." Mtoto mmoja hatupwi na mtu mmoja. Anatupwa na mji mzima.

Hapo inanibidi kusema jambo langu mwenyewe.

Mwaka 2012 nilikuwa na mwanafunzi katika klasi ya pili, kijana wa miaka kumi na ine. Baba yake alikufa, akalelewa na baba yake mdogo. Mtoto wa yule baba mdogo akapata ugonjwa, na katika chumba kimoja cha maombi wakasema kwamba huyu kijana ndiye mulozi, ndiye anamkula mwenzake. Wakamnyima chakula siku nyingi, eti roho imutoke. Akawa analala nje. Alikuja masomo na nguo ile ile, anasinzia. Majirani walijua. Walimu tulijua. Mimi nilijua zaidi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa klasi yake na alinieleza kwa kinywa chake.

Nilifanya nini? Nilimpa mkate mara mbili. Kisha nikajiambia: haya ni mambo ya jamaa ya watu, nisiingilie. Na bado nilijua sheria. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto na kumshitaki ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inaweka kifungo kwa mwenye kufanya hivyo. Nilikuwa nimeyafundisha haya darasani, na kuyauliza katika mtihani.

Majuma mawili baadaye kiti chake kilibaki bure. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika mbele ya jina lake katika rejista neno moja: ameacha. Leo ninajua kwamba niliandika uongo. Hakuacha; aliachwa. Ile kalamu yangu ilikuwa kisu kimojawapo cha kuchonga ngoma.

3. Sisi hatuna conga

Wasomaji wengine watasema: mwalimu, huyu Mwindo wako si mfano mzuri. Aliunguza mji mzima. Wamama, watoto, wazee wa Tubondo, wote walikufa juu ya kosa la mtu mmoja. Ni neno la haki, na siwezi kulikwepa.

Msimulizi mwenyewe halifichi. Anatuonyesha Mwindo akisema kwamba hatawafufua watu wa Tubondo mpaka kwanza amkamate baba yake. Halafu, baada ya kurudi kutoka kuzimu, anachukua conga yake, na wafu wanaamka: mwenye mimba na mimba yake, kila mtu pamoja na kitu alichokuwa akifanya. Mji unarudi. Baada ya hapo ndipo baraza linakaa, ndipo Shemwindo anakiri mbele ya wote.

Angalieni mfuatano huo: kwanza moto, kisha ufufuo, kisha kukiri. Mzee Rureke aliweza kupanga hivyo kwa sababu ndani ya hadithi iko conga. Hasira ya aliyetupwa inaweza kwenda mpaka mwisho wake, na bado watu wapo wa kusikiliza wakati baba anasema, "Nilikosa." Lakini sisi tunaokaa katika Kivu hii, tangu vita za 1996 na 1998 na zile zilizofuata, tunajua vizuri kwamba kwetu aliyeungua hafufuki. Tunao vijana wengi waliotupwa wakatafuta radi yao katika pori, wakairudisha kijijini. Conga hakuna aliyeiona.

Kwa hiyo fundisho ambalo mimi ninalichukua ni hili: kwa sababu hatuna conga, inatupasa kugeuza mfuatano. Kukiri kuje mbele ya moto. Baraza likae kabla ya radi. Atakayesubiri mpaka mtoto arudi na nguvu ndipo amuombe msamaha, yule haombi msamaha, anaogopa tu.

Na mwingine atasema: lakini baba ni baba, na mwami ni mwami, desturi yetu haimruhusu mkubwa kujishusha mbele ya mtoto. Ninamjibu kwamba hii desturi anayoitaja ndiyo iliyotunga hadithi ya Mwindo. Ndani yake baba ni mwami, na anasimama mbele ya watu wake, anasema ubaya alioutenda tangu mwanzo. Iyangura, ndugu yake wa kike, anasema naye bila kumficha. Hakuna aliyesema kwamba utawala umevunjika. Kinyume chake, hapo ndipo ulipopona. Wenye kutupa watoto leo na kusema eti "ni mila" wasiwasingizie wababu. Watafiti wameandika kwamba kushitaki watoto ulozi kwa wingi namna hii kulizidi sana mijini katika miaka ya 1990, wakati umaskini na vita vilipovunja jamaa. Ni jambo la siku zetu, tunalivalisha tu nguo ya kale.

4. Kamba ya shangazi

Kabla ya kushuka kuzimu, Mwindo alifanya jambo dogo ambalo wanafunzi wengi wanalipita haraka. Alichukua ile kamba ndefu ya mfuko wake, akampa shangazi yake upande mmoja, yeye akashika mwingine. Akamwambia: ukisikia kamba haitikisiki tena, ujue nimekufa. Akashuka, na Iyangura akabaki juu katika mji uliokufa, kamba mkononi.

Mimi nafikiri hii kamba ndiyo tofauti kati ya Mwindo na muuaji wa kawaida. Hasira yake ilikuwa na mtu anayeishika upande mwingine. Huko chini alikutana na Kahindo, binti wa Muisa, mwenye buba mwili mzima, ambaye watu wangemkimbia. Yeye alimsafisha vidonda vyake. Mtu aliyetupwa anaweza kuwa mgumu mpaka asione tena mateso ya mwingine. Ao anaweza kuyaona zaidi kuliko wote. Inategemea kama bado iko kamba.

Yule kijana wangu alirudi mwaka 2019. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, pikipiki ikasimama mbele yangu, mwenye kuiendesha akatoa kofia. "Prof, haunitambui?" Nilimtambua kwa macho. Tulikaa kwenye kibanda, tukanywa chai. Aliniambia alikuwa amepita miaka mine katika pori, na bunduki. Mengine aliyaeleza, mengine aliyanyamazia. Nikamuuliza nani alimutoa huko. Akasema alikuwako mama mmoja mwenye kuuza mihogo, ambaye hakuwa hata ndugu yake, aliyekuwa kila mara akimuuliza: "Utarudia kwenu siku gani?" Ile swali tu. Ilikuwa kamba yake.

Nikamuuliza kama anataka kitu kwa baba yake mdogo. Labda kiwanja cha marehemu baba yake, labda makuta. Alinijibu maneno ambayo sijasahau: "Prof, miye sitaki franga zabo. Nataka tu baseme mbele ya batu kama sikukuwa mulozi."

Nilikwenda kuonana na yule baba mdogo. Alinipokea vizuri, akalia hata machozi. Akasema yuko tayari kutoa mbuzi na kuomba msamaha ndani ya nyumba, mlango ukifungwa. Lakini mbele ya mtaa? "Hapana, mwalimu. Nitapata haya mbele ya watu." Nikamwambia: ulipomuita mulozi, ulisemea wapi? Alinyamaza.

Hapo nikaelewa kwa nini msimulizi hakuridhika na Shemwindo kumnong'oneza mtoto wake kule kuzimu, mbali na watu wa Tubondo. Aliwapandisha mpaka Tubondo, akawaketisha baba, mtoto na shangazi kwenye viti vya juu, watu wote wakitazama. Jina lililoharibiwa mbele ya watu halitengenezwi chumbani.

5. Kiti hakimsafishi mtu

Baada ya baraza Mwindo hakutaka kukalia kiti cha baba yake angali hai. Basi nchi ikagawanywa, kila mmoja na upande wake. Ni hekima kubwa: aliyetupwa amepata nafasi, na aliyemtupa hakutupwa naye.

Ingekuwa filamu, hapa jina la mtengenezaji lingepita. Lakini karisi inaendelea. Siku moja Mwindo alitamani nyama ya nguruwe wa pori. Wawindaji wake wakakutana na Kirimu, joka kubwa, likawameza. Mmoja tu aliokoka akaleta habari. Mwindo akaliua, na watu wakalila. Kumbe lile joka lilikuwa na mapatano ya damu na Nkuba, yule yule mwenye radi aliyemsaidia Mwindo zamani. Nkuba akashuka akamchukua juu mbinguni. Huko alikaa mwaka mzima, akipigwa na baridi, mvua na jua kali, akikaripiwa na Nkuba, Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, wote wakimwambia kwamba amejisifu kupita kiasi. Wakamkataza kuua mnyama tena.

Kwa nini mateso haya kwa mtu aliyekwisha kuteswa tangu kuzaliwa? Wanafunzi wangu huwa wanakasirika hapo: "Ameonewa tena!" Mimi naona kinyume. Msimulizi anakataa kwamba kuonewa jana kunampa mtu ruhusa ya leo. Yule aliyefungiwa ndani ya ngoma, akishakuwa mwami, anaweza naye kuwa Shemwindo. Tumeona wangapi, katika inchi yetu, walioingia na kilio cha waliokandamizwa, na baada ya miaka miwili mitatu wakawa wanatoa amri zile zile? Mateso yanatoa haki ya kusikilizwa. Hayatoi haki ya kutosikiliza.

Mwindo aliporudi duniani aliwapa watu wake sheria. Walime vyakula vya namna nyingi, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wasimfuate mke ao mume wa mwingine, wasimcheke kilema anayepita kijijini. Wamheshimu mwami, na mwami naye awaogope watu wake. Na wakubali watoto wanaozaliwa, wawe warefu ao wafupi. Ona namna mduara unavyofunga: hadithi ilianza na mwami aliyechagua nani azaliwe, inaishia na mwami anayesema kila mtoto apokelewe.

Kumalizia

Basi, mtoto aliyetupwa anadai nini? Nikisikiliza Mwindo, na nikisikiliza yule mwendesha pikipiki, jibu ni lile lile: anadai ukweli usemwe mahali uongo uliposemwa, na apewe nafasi ya kukaa. Kichwa cha mtu hakimrudishii kitu. Na sisi tunamdai naye jambo moja, akishakaa: abaki chini ya sheria kama wengine wote.

Baba mdogo bado hajasema. Kijana anapita mbele ya ile nyumba kila siku na haingii. Mimi simwezi yule mzee kwa nguvu. Lakini sehemu yangu naiweza. Nilimuomba kijana msamaha kwenye kile kibanda, tukiwa wawili. Kisha nikajiuliza: na mimi je, si nimefanya kama yule wa mlango kufungwa? Ndiyo maana nimeandika mambo haya hapa, na yeye amenikubalia niandike bila kutaja jina lake. Alikuwa mwanafunzi wangu. Hakuwa mulozi. Nilijua, nikanyamaza, na nikaandika uongo katika rejista.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila mmoja wetu aangalie katika mtaa wake, katika shule yake, katika kanisa lake: iko ngoma gani inayochongwa sasa, na yeye ameshika chombo gani mkononi? Bado kuna wakati wa kukiweka chini.